Siku nne Lisbon: kutoka mawimbi ya Rossio hadi dhahabu ya Kilwa

Lisbon ni mji wa kuanzia Jumatatu. Siku hiyo makumbusho mengi ya serikali yamefungwa, na mgeni asiyejua huimaliza akigonga milango. Ratiba hii inaukwepa mkosi huo. Jumatatu ni ya bondeni, ambako cha kuonwa kiko nje barabarani. Jumanne ni ya vilima, kwa sababu soko la mitumba la Feira da Ladra huwapo Jumanne na Jumamosi tu. Jumatano ni ya Belém. Alhamisi imeachiwa chombo kimoja cha dhahabu ambacho, kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, kinatosha chenyewe kuhalalisha nauli.

Saa zote humu ni za Kiswahili: kibao cha mlangoni kikiandika 10h00, hiyo ni saa nne asubuhi. Bei zilizotajwa ni za kukadiria tu, maana hupanda mara kwa mara.

Jumatatu: Rossio, Baixa na Carmo

Kutoka uwanja wa ndege, metro ndiyo njia ya gharama ndogo. Mashine zinauza kadi ya karatasi ngumu iitwayo Navegante kwa senti 50, kisha unaitia pesa au tiketi. Kila mtu na kadi yake. Wawili hawapiti kwa kadi moja hata kama ina salio la kutosha. Tiketi ya saa 24, ambayo ni yapata euro 7, huanza kuhesabu pale unapoigusisha mara ya kwanza, siyo ulipoinunua, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa kuinunua usiku. Kosa linalowakwamisha wengi ni kujaribu kutia salio la pesa kwenye kadi ambayo bado ina tiketi za aina nyingine. Mashine inakataa, foleni nyuma inaanza kuguna. Nunua kadi ya pili, ni senti 50 tu.

Panda mstari mwekundu hadi Alameda, hamia wa kijani uelekeo wa Cais do Sodré, shuka Rossio. Mahali pa kulala utadaiwa kodi ya jiji ya euro 4 kwa mtu kwa usiku, mwisho usiku saba, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona ulipoweka nafasi.

Kitu cha kwanza Rossio kiko chini ya miguu. Uwanja umetandikwa vipande vidogo vya jiwe la chokaa jeupe na basalti nyeusi, vimepangwa kwa mawimbi tangu katikati ya karne ya 19. Ukisimama katikati unahisi sakafu inapanda na kushuka, na kumbe ni tambarare kabisa. Mawe haya yanapendeza na yanavunja watu. Chokaa husuguliwa na nyayo mpaka ikang'aa, na mvua ndogo tu huigeuza sabuni. Kiatu chenye soli ya mpira laini kinashika. Soli ngumu ya ngozi na sandali za plastiki zinateleza, hasa kwenye mitaa ya mteremko. Masanduku ya magurudumu nayo huachia magurudumu yao hapa.

Hatua chache kutoka hapo, upande wa mashariki, liko kanisa la São Domingos. Kwa nje halikuiti. Ingia. Msingi wake ni wa karne ya 13, matetemeko ya 1531 na 1755 yaliliumiza, kisha moto wa Agosti 1959 ukalikomba ndani lote. Lilipofunguliwa tena mwaka 1994 liliachwa na makovu yake. Isogelee nguzo yoyote: jiwe limebanduka magamba magamba kama gome la mti mkavu, kingo zimemomonyoka, na mahali pengine wekundu wa joto bado umo ndani ya jiwe. Dari limepakwa rangi ya udongo wa chungwa, basi mwanga wote wa ndani una rangi ya jivu na makaa. Kwa maoni yetu hakuna chumba kingine mjini kinachoeleza Lisbon kwa haraka hivi.

Nje kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Katika kanisa hili, tarehe 19 Aprili 1506, yalianza mauaji ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Yalidumu siku tatu. Aliyewalazimisha ni mfalme Manuel wa Kwanza. Jina hilo likumbuke, litarudi kila siku ya safari hii. Uwanja huohuo leo ni baraza la Waafrika wa Lisbon, hasa watu wa Guinea-Bissau. Wanauza kola na karanga, wanasalimiana, wanabishana siasa. Kando yake kuna vijiduka vya kileo cha cheri, ambako mhudumu atakuuliza kama unataka na matunda yake au bila.

Kutoka Rossio kwenda mtoni ni Baixa, mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Ina sababu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia mtoni walikutwa na tsunami, na moto ukaunguza kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliwaachia wahandisi wa jeshi bonde lote walipange upya.

Walichokifanya kimefichwa ndani ya kuta. Kuta za kugawa vyumba zina fremu ya mbao: nguzo za wima, mihimili ya mlalo, na ndani ya kila mraba mbao mbili zimekatizana kama X. Nafasi zilizobaki hujazwa mawe na chokaa, kisha lipu juu. Aliyewahi kuona nyumba ya miti na fito ikikandikwa udongo ataielewa mara moja. Tofauti iko kwenye hizo X. Mraba mtupu ukisukumwa upande hulala, ukawa kama kasha lililokaliwa. Mraba wenye X haulali. Tetemeko likija ukuta unaweza kumwaga lipu na mawe yake, lakini mbao zinabaki zimeshikilia sakafu. Wareno huiita gaiola, tundu la ndege, na husimuliwa kwamba ilijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige hatua kwa kishindo kuuzunguka mfano wake. Tatizo ni la siku hizi: mwenye duka akitaka ukumbi mpana wa chini huondoa ukuta mmoja, wa jirani naye mwingine, na tundu linabaki juu bila miguu.

Chini kabisa kuna vigingi vya msonobari vilivyopigiliwa kwenye tope. Mbao iliyozama majini haiozi, kwa kuwa hewa haiifikii. Maji ya ardhini yakishuka ndipo kuoza kunapoanza. Vigingi hivyo, pamoja na mabirika ya Kirumi ya kutia samaki chumvi, huonekana chini ya jengo la benki Rua dos Correeiros. Kuingia ni bure, lakini ni kwa kikundi na mwongozaji, kwa hiyo pita asubuhi uandikishe jina. Mahandaki ya Kirumi ya Rua da Prata ni habari nyingine: yamejaa maji, hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka baada ya maji kuvutwa kwa bomba.

Soma majina ya mitaa ukitembea. Ilipangwa kwa kazi: Rua dos Sapateiros ni ya washona viatu, na wa pwani wanaosema sapatu hawahitaji kamusi. Rua do Ouro ni ya masonara. Ouro ni dhahabu, na ndilo uru la karata zetu, kama kopa na pau. Bandeira, mesa, lenço, ananás, bomba: vibao vya Lisbon humchekesha Mswahili. Kinachomshtua ni neno igreja, kanisa, ambalo kwetu limekuwa gereza.

Baixa inaishia uwanja mkubwa wa kando ya mto. Ramani huuita Praça do Comércio. Wenyeji bado wanasema Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri lenyewe lilizama na kuungua mwaka 1755 pamoja na nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya Bahari ya Hindi. Wanaotafiti historia ya Kilwa, Sofala na Mombasa bado wanalilia makaratasi yale.

Alasiri panda Carmo. Usipange foleni ya lifti ya chuma ya Santa Justa: ni nzuri, ilifunguliwa 1902, ina mita 45, lakini foleni hula saa nzima na juu yake unafikia palepale ambapo ngazi za miguu kutoka Rossio hukufikisha kwa dakika kumi. Vitoroli vya mlimani navyo visiwe msingi wa ratiba. Mnamo 3 Septemba 2025 kitoroli cha Glória kilikatika kebo na watu 16 wakafa, na vingine vikasimamishwa. Uliza hali ilivyo kabla hujavitegemea.

Kanisa la Carmo, lililoanzishwa 1389, halina paa tangu tetemeko. Matengenezo yalianza mwaka uliofuata yakaachwa 1834, kwa hiyo baadhi ya matao unayoyadhani ni ya kale ni ya baada ya 1755. Hufunguliwa Jumatatu, hufungwa Jumapili. Mbele yake ni uwanja wa Largo do Carmo na kambi ya polisi ambamo tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcelo Caetano, akiwa amezingirwa na askari wa kapteni Salgueiro Maia, alijisalimisha na kumkabidhi madaraka jenerali Spínola, na udikteta ukaisha. Maafisa wa jeshi waliofanya mapinduzi hayo walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika. FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 ilipata uhuru wa Msumbiji tarehe ileile mwaka 1975. Uwanja mdogo, wenye miti na maji ya kunywa. Kaa hapo mpaka jua lishuke.

Jumanne: ngome, Panteão na Alfama

Kanuni ya leo: panda kwa gari, shuka kwa miguu. Basi dogo namba 737 linaanzia Praça da Figueira na kukufikisha karibu na lango la ngome ya São Jorge. Wengi hung'ang'ania tramu namba 28. Ni tramu za miaka ya 1930, mbao tupu ndani, zinapita kwenye mitaa ambako unaweza kugusa ukuta. Lakini kuanzia saa nne asubuhi foleni ya Martim Moniz, inapoanzia, huzunguka uwanja, ndani mnabanwa, na wezi wa mifukoni hupanda kama abiria wengine. Ukiitaka, ipande kabla ya saa mbili asubuhi, au anzia mwisho wake mwingine, Campo de Ourique. Begi lije mbele ya kifua. Ukimlipa dereva utatoa zaidi ya euro 3. Kwa kadi ni karibu nusu yake.

Ngome hufunguliwa saa tatu. Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliitwaa kwa Waislamu mnamo Oktoba 1147 baada ya kuizingira tangu majira ya joto. Lakini sehemu kubwa ya meno ya kuta unayoyapiga picha ni kazi ya miaka ya 1938 hadi 1940, serikali ya dikteta Salazar ilipotaka ngome ionekane ngome. Cha kweli kiko pembeni, kwenye eneo la uchimbaji: misingi ya nyumba za mtaa wa Kiislamu wa karne ya 11 na 12, zenye ua wa ndani na vyumba vikiuzunguka, mpango usio mgeni kwa anayejua nyumba za Lamu. Kiingilio ni euro 15 au zaidi. Mfuko ukiwa mwembamba, iache. Mandhari ileile iko bure kwenye kilima cha Senhora do Monte.

Shuka hadi Santa Luzia. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa kuna picha mbili za vigae vya buluu. Moja ni vita vya 1147, nyingine ni Terreiro do Paço kabla ya tetemeko, kasri likiwa wima. Linganisha na ulichokiona jana.

Kutoka hapo mwendo wa dakika kumi hivi, kwa njia ya São Vicente, unafika Feira da Ladra. Hapo kuna vigae vilivyong'olewa kwenye kuta za watu. Usivinunue, maana wizi wa vigae ni ugonjwa wa mji huu. Nyuma ya soko ni kuba jeupe la Panteão Nacional, kanisa la Santa Engrácia ambamo taifa huwaweka mashujaa wake. Ujenzi ulianza 1682 ukakamilika 1966, na Mreno akitaka kusema kazi haiishi husema ni kazi za Santa Engrácia. Vasco da Gama ana kaburi hapa, ila ni la heshima tu, tupu ndani. Asiye mtupu ni Eusébio, aliyezaliwa Lourenço Marques, leo Maputo, mwaka 1942, akaletwa humu 2015. Mchezaji mpira kutoka Msumbiji amelala, na baharia kawekewa jiwe lisilo na mtu. Panda hadi roshani ya juu. Ngazi ni nyingi lakini pana.

Alfama ni jina la Kiarabu, la chemchemi za maji moto. Ndiyo mtaa uliopona tetemeko vizuri, kwa kuwa umekaa juu ya mwamba. Ramani ya simu huchanganyikiwa humu, kwa sababu vichochoro vinapitana kwa ngazi na kuta ni ndefu. Usihangaike: kila maji yanakoshuka ni mtoni. Karibu na chini tafuta Chafariz d'El-Rei, kisima cha mfalme. Kanuni ya jiji ya karne ya 16 iligawa midomo yake ya maji kwa rangi na jinsia: Weusi huku, Weupe kule, wanaume mbali na wanawake. Leo kimekauka na watu wanapita bila kutazama.

Mbele kidogo ni Casa dos Bicos, nyumba ya 1523 yenye ukuta wa mawe yaliyochongwa kama vichwa vya almasi. Aliijenga mwana wa Afonso de Albuquerque, na Albuquerque huyo ndiye jemadari aliyeichoma Muscat mwaka 1507. Sé, kanisa kuu, limekaa juu ya msikiti. Lilianza kujengwa baada ya 1147, na uchimbaji katika ua wake umefichua mabaki ya Kiislamu. Siyo jengo la kukaa muda mrefu.

Chakula cha jioni kiko Martim Moniz na mtaa wa Rua do Benformoso, ambako halali inapatikana kirahisi. Hapa ni Mouraria, mtaa waliosukumiwa Waislamu baada ya kushindwa, mpaka Manuel alipowafukuza nchini kwa amri ya Desemba 1496. Waislamu wa leo Lisbon ni wengine: jamii iliyojenga msikiti mkuu, uliofunguliwa 1985 karibu na Praça de Espanha, ilitoka kwa wingi Msumbiji. Mgahawani, mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani bila kuagizwa si takrima. Vinalipiwa. Usipovitaka, sema virudishwe kabla hujavigusa. Supu ya kijani, caldo verde, karibu kila mara huwa na soseji ya nguruwe.

Jumatano: Belém

Tramu namba 15 inakwenda Belém, lakini treni kutoka Cais do Sodré ni bora: haina msongamano wala foleni ya magari, na huchukua dakika chache. Hakikisha treni inasimama Belém, maana ya haraka ya Cascais huipita.

Fika monasteri ya Jerónimos kabla ya saa tatu na nusu. Kanisani ni bure, ua wa ndani ni kwa tiketi ya yapata euro 18. Milango iko jirani na foleni huchanganyikana, hivyo uliza kwanza unasimama foleni gani. Watu hukaa saa nzima juani kwa mlango wasioutaka. Tiketi inunuliwe mtandaoni siku moja kabla.

Manuel aliianza monasteri hii 1501 mahali palipokuwa na kikanisa cha mabaharia. Fedha zilitoka kwenye fungu moja katika ishirini la biashara ya Afrika na Mashariki, mbali na pilipili manga, mdalasini na karafuu, zilizokuwa za mfalme moja kwa moja. Jiwe ni lioz, chokaa ngumu ya kandokando ya Lisbon, jeupe asubuhi na la rangi ya asali jioni. Lango la kusini lina kimo cha mita 32. Karibu nalo, acha kutazama watakatifu. Tazama vitu vidogo: kamba zilizosokotwa kwa jiwe, mafundo, matumbawe, na zile tufe za pete za wanajimu ambazo zilikuwa nembo ya Manuel. Fundi alichonga bandari nzima.

Ndani, chini ya roshani ya kwaya, kuna makaburi mawili ya karne ya 19. Kulia ni mshairi Camões. Kushoto ni Vasco da Gama. Aliondoka ufukwe huu tarehe 8 Julai 1497 na merikebu nne, akafika Mombasa 7 Aprili 1498 akakosana na watu, akapokewa Malindi wiki iliyofuata, na huko akapewa rubani aliyemfikisha Calicut mwezi Mei. Bila rubani yule jengo hili lisingekuwapo, na jina lake halimo popote kanisani. Alikufa Cochin mkesha wa Krismasi mwaka 1524. Mnara wake wa Malindi una msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon. Ukishauona ule, tupa macho kwenye hizi kuta uone nasaba. Mbele, altareni, jeneza la Manuel limebebwa na tembo wa marumaru wenye pembe. Wengi hugeukia nje kabla ya kuwaona.

Ua wa ndani ni ghorofa mbili za matao na unastahili saa nzima. Nenda ghorofa ya juu kwanza, kwa sababu vikundi vyote huanza chini.

Vuka reli kwa njia ya chini ya ardhi kwenda mtoni. Mnara wa Padrão dos Descobrimentos, wa kusifu safari za mabaharia wa Kireno, ulisimikwa 1940 kwa maonyesho, kwa vifaa visivyodumu, ukajengwa upya kwa zege 1960. Ni propaganda ya zege, tusizunguke mbuyu. Lakini panda juu, kwa sababu dira ya mawe iliyotandikwa chini, yenye kipenyo cha mita 50, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi, haisomeki ukiwa umeikanyaga. Belém ina upepo mkali hata Agosti. Kofia isiyofungwa huishia mtoni.

Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519, uliingia kwenye matengenezo mwaka 2025, hivyo uliza kwanza. Ukiwa umefungwa hupotezi sana: ndani ni ngazi moja nyembamba ya kuzunguka ambayo wapandao na washukao hupokezana kwa taa. Kilicho bora kiko nje. Chini ya kibanda cha mlinzi cha pembe ya kaskazini-magharibi kuna kichwa cha kifaru cha jiwe, kimelika mpaka kimekuwa kama kiazi. Kifaru mwenyewe alishushwa Lisbon tarehe 20 Mei 1515 kutoka Gujarat. Njoo maji yakiwa yamekupwa ndipo utakiona vizuri.

Vitobosha vya maziwa na mayai vya Belém huuzwa tangu 1837. Foleni ya barabarani ni ya wanaobeba. Ukitaka kukaa pita ndani, kuna kumbi nyingi na mara nyingi meza tupu. Nyunyizia mdalasini, kula vikiwa moto, vikipoa ganda hulainika. Katika maduka mengine unga hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Neno la kuulizia ni banha.

Alhamisi: Poço dos Negros na Janelas Verdes

Anzia Cais do Sodré kwa miguu. Robo saa magharibi ni Rua do Poço dos Negros, mtaa wa shimo la Weusi. Novemba 1515 Manuel aliamuru shimo lichimbwe la kutupia maiti za watumwa, zilizokuwa zikiachwa majalalani, na liwe likimwagiwa chokaa. Hesabu ya 1551 iliwapata watumwa karibu 9,950 katika mji wa watu wapatao 100,000. Leo ni mtaa wa mikahawa. Mteremko unaofuata, Madragoa, ulikuwa ukiitwa Mocambo, jina la Kibantu, mtaa wa Waafrika kuanzia karne ya 16. Hakuna kikubwa cha kupiga picha. Pita polepole tu.

Makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, yako Rua das Janelas Verdes. Hufunguliwa saa nne. Basi namba 714 hupita karibu. Begi kubwa litaachwa mlangoni. Usianze na picha za ghorofani, maana ukifika kwenye kitu chetu utakuwa umechoka macho. Waulize walinzi mahali ilipo Custódia de Belém, wote wanaijua. Ukiwa njiani utapita viwambo vya Kijapani vinavyoonyesha merikebu za Kireno zikitia nanga, na Waafrika wakining'inia kwenye kamba za milingoti. Virudie baadaye.

Ni monstransi, chombo cha Kikatoliki cha kuonyeshea Ekaristi, cha dhahabu na rangi za enameli, kimo chake sentimita 73. Fundi ni Gil Vicente. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, mkate wa Ekaristi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe wa enameli. Juu zaidi, chini ya minara midogo kama sindano, ameketi Mungu Baba. Kwenye shingo ya chombo zimo tufe za pete, zilezile za Jerónimos. Kwenye tako kuna ndege, maua na konokono wa rangi.

Dhahabu yake ina historia fupi. Julai 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga Kilwa na mizinga, akamlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya utii kila mwaka. Alichopokea, mithkali 1,500 (kipimo cha zamani cha dhahabu), zaidi ya kilo sita, kilifika Lisbon mwaka 1503. Manuel akaamuru kitengenezwe chombo cha monasteri yake. Fundi akiwa bado kazini, Julai 1505, jemadari wa Kireno Francisco de Almeida aliivamia Kilwa na kuipora, na wiki chache baadaye akaichoma Mombasa. Mwaka 1506 chombo kikakamilika, mwaka uleule wa mauaji ya São Domingos.

Watazamaji wengi humaliza kwa dakika mbili, kwa sababu wanatazama juu. Taa huakisi kwenye kioo, hivyo simama pembeni kidogo, usiwe mbele moja kwa moja, na zima mwako wa simu. Kisha inama mpaka macho yawe sawa na ukingo wa tako. Herufi zinazunguka chombo kizima, kwa hiyo itakubidi uzunguke nazo, ukiwaomba radhi wengine. Zinasema mfalme Manuel aliamuru kifanywe, na kuanzia hapo soma herufi kwa herufi, V ikiwa mahali pa U: DO OVRO, ya dhahabu, uru lile la karata, DAS PARIAS, ya kodi za utii, kisha neno la herufi tano lisilohitaji mkalimani: QILVA.